Picha Zilizofungiwa Ndani ya Mchezo

Mtaani walimwita Mama Bisibisi, maana bisibisi yake haikukaa mfukoni wala mezani. Ilichomekwa nyweleni kama kitana. Alikuwa fundi wa kompyuta, kibanda chake kimebanwa kati ya fundi cherehani na duka la fotokopi, na kazi iliyowashinda wengine ndiyo hasa iliyomchangamsha.

Asubuhi moja shangazi yake, dada wa marehemu baba, aliingia na diski kuukuu iliyoviringishwa kwenye leso.

"Mwanangu, humu mna picha zangu."

Ujanani shangazi alichora picha za mchezo wa kompyuta, habari za msafiri anayetafuta kisima kilichopotea. Kampuni iliyoutengeneza ilikufa, na karatasi alizochorea zikaliwa na mchwa. Sasa chuo alichowahi kufundisha kilikuwa kimemwalika aonyeshe kazi zake, naye hakuwa na hata moja.

"Mchezo wenyewe hauwaki," akasema. "Nimehangaika nao wiki nzima."

"Hata usipowaka, shangazi. Hatuendi kucheza, tunakwenda kuchimbua."

Ndani ya diski hamkuwa na picha yoyote ya kufungua. Kulikuwa na faili moja nene, picha zote zimeshindiliwa humo kama nguo kwenye sanduku la safari. Mama Bisibisi hakubabaika. Alilifungua kwa programu inayoonyesha tarakimu tupu, akashuka nazo safu kwa safu, mara akacheka peke yake. Mwanzoni kabisa kulikuwa na orodha: jina la kila picha, inapoanzia, na ukubwa wake.

"Wenzako walikuwa watu wa utaratibu. Wametuachia faharasa."

Akaandika programu fupi ya kulikata faili vipande kwa kufuata orodha hiyo. Picha ya kwanza ilitoka imelala upande, mistari imekimbiana. Akarekebisha upana, ikasimama wima. Lakini msafiri alikuwa na uso wa kijani.

Shangazi akashika kiuno. "Mimi sikuchora chura!"

"Tulia. Picha inabeba namba za rangi tu. Rangi zenyewe zimeandikwa kwenye jedwali. Nikilipata, chura anakuwa mtu."

Kabla ya adhuhuri alilipata, mwishoni mwa faili. Rangi zikarudi mahali pake, na picha zikaanza kumiminika kwenye skrini: milango, mitungi, soko, mbuzi mwenye kengele. Shangazi alizipokea kwa majina kama wageni harusini.

Mara akasogea mbele. Kwenye skrini alikuwa mwanamke mzee juu ya baiskeli, akicheka, pengo lake wazi.

"Huyu, bosi wetu alimkataa," akasema polepole. "Alisema nani atacheza na bibi kizee? Nikadhani wamemfuta."

"Walimwondoa mchezoni tu. Kwenye faili hakuna aliyejisumbua kumtoa. Ni nani?"

"Bibi yako. Mama yangu. Hakuwahi kukubali kupigwa picha, basi nilimchora kwa kumwibia, akiwa anarudi kutoka kisimani."

Mama Bisibisi alivuta kiti karibu na skrini. Bibi alifariki kabla yeye hajazaliwa. Leo ndiyo mara ya kwanza anamwona. Akaikuza picha mpaka vidoti vikaonekana, kisha akaipunguza tena, taratibu.

Siku ya maonyesho chuoni, picha ya Bibi ilitundikwa ya kwanza, karibu na mlango. Wanafunzi walimzonga Mama Bisibisi wakiuliza alifanyaje. Akafungua kompyuta yake, akawaonyesha kuanzia tarakimu ya kwanza.