Ukoko wa Jirani

Tangu korona izuie safari za ndege, jirani wa Mzee Mselem hapo mtaani Doonside, ughaibuni, binti wa Tanga anayechimbua magofu ya Wamaya kule Gwatemala, ameihamishia kazi yake uani. Hufinyanga vyungu kama vyao, akapikia humo uji mzito wa mahindi hadi uungue, makusudi, apate kulinganisha ukoko wake na mabaki yaliyogandia vyungu vya kale. Akikoroga huimba puani. Vidole vyake vina udongo hata siku ya Idi. Chungu kikipasuka hukiambia pole, kama anavyoambiwa mtoto aliyeanguka. Mzee humtazama kutoka upande wake wa uzio. Tangu amzike mkewe, Bi Fawzia, chakula anacholetewa na watu wa msikitini hukigusa tu na kukiacha.

Jumamosi moja harufu ya kuungua ikamfuata mpaka kitini. Akasogea uzioni, barakoa kidevuni.

"Mwanangu, umeunguza tena."

"Shikamoo, babu. Leo uji umeungua vizuri."

"Marehemu alikuwa akinikwangulia ukoko mimi. Huo wako waenda wapi?"

"Maabara."

"Wote?"

Binti akautazama ule ukoko alioungojea mwezi mzima, akaukwangua taratibu, akauvunja. Kipande kidogo akakitia kichupani. Kikubwa akakiweka kwenye kisahani, juu ya uzio. Mzee akatafuna kwa kelele hadi makombo yakamjaa ndevuni, akalamba hata mkono.

"Kesho," akasema, "moto uongeze kidogo."