Stoo ya Siri Iliyoombewa

Nilikuwa kwa duka moja la hardware huko Merigi nikitafuta kibarua cha kupakia simiti, mzee mmoja akaitisha kufuli kubwa kuliko zote. Muuzaji akamuuliza anafunga nini.

"Stoo, kijana. Mahindi, maharagwe, mafuta taa. Dunia ikiharibika, familia yangu itajifungia miaka mbili."

"Na nani anajua?"

"Hakuna mtu. Ni kanisa tu. Jumapili nilitoa ushuhuda, pasta akakuja na waumini wote kuiombea."

Mama aliyekuwa nyuma yake kwa laini akamgusa bega polepole. "Baba, mimi nilisema amina nikiwa ndani. Hata nimeshachagua pahali pa godoro."

Mzee akarudisha kufuli kwa kaunta, akauliza kama kuna kubwa zaidi.

Serikali iliniachia digrii bila kazi, sasa inaniambia nijipange. Sawa. Sina hata gorogoro ya mahindi, but Jumapili hii naokoka, na ni kwa kanisa hiyo.