Siku Mzee Wambua Alipewa Menyu ya Pasta

Hii nitawaambia lakini msinicheke sana, maana hata leo nikiingia kanisani kwetu Woodley nione ile ukuta nyeupe ya mbele, shingo inaanza kupata joto yenyewe.

Mimi ndio karani wa kanisa. Kompyuta nilisomea jioni huko Ngara, juu ya duka ya vitambaa, nikitoka kazi, na nikamaliza (vijana wote wa darasa wakiniita mathe, yaani mama). Kwa hivyo tulipoletewa sistim mpya nikapewa mimi nipange nani aone nini. Kila mtu akiingia na paswadi yake anapata menyu yake. Mwalimu wa watoto anaona watoto, Pasta anaona kila kitu, hata Maombi ya Siri, ile watu wanaandikia yeye peke yake. Mzee Wambua, yule wa kuweka nyimbo ukutani na projekta, alikuwa anaona kitu moja tu, Nyimbo.

Alhamisi akakuja ofisini, kofia mkononi.

"Mama Mutheu, nimekukosea?"

"Hapana, mzee."

"Basi mbona Pasta amefunguliwa vitu kumi na mbili na mimi moja, kama mtoto wa nasari?"

Mimi nililelewa mzee akiingia jikoni hufuniki sufuria. Na tena hiyo mchana kulikuwa na mvua nyepesi, dirisha imejaa ukungu, akili yangu inaelea mbali kama ilivyokuwa inaelea miezi mingi, nikamweka kwa kikundi cha Pasta. Tiki moja tu. Akaenda akiwa amenyooka mgongo.

Nikabaki na hiyo mvua. Baba Mutheu alipumzika miaka saba iliyopita na nilijua hii moyo imelala, lakini kulikuwa na Mwalimu Ezra wa kwaya, fundi wa mbao huko Dagoretti, mjane mwenzangu, mtu wa sauti ya chini. Nikafungua Maombi ya Siri nikaandika: "Pasta, niombee. Nimeota Ezra mara tatu. Ananitengenezea kiti, ananiambia keti, na mimi sitaki kuamka. Kama si ya Mungu aniondolee. Kama ni yake, Ezra aambiwe pole pole." Nikatuma, nikasikia wepesi.

Jumapili kwaya imesimama, Ezra ameinua mkono, Mzee Wambua anatafuta wimbo. Zamani alikuwa anafinya tu, kwa sababu kitu ilikuwa moja. Sasa ziko kumi na mbili na miwani ameacha nyumbani, akafinya ya juu kabisa, Maombi ya Siri, na la mwisho kuandikwa lilikuwa langu. Ukuta wote ukajaa maneno yangu, na chini yake jina langu.

Ningekimbia nizime, lakini nilisimama nyuma na karatasi za matangazo, naangalia mwanga ukielea na watu wakisoma polepole, midomo ikicheza. Mzee alifinya tena. Maandishi yakakuwa kubwa zaidi.

Mama mmoja mbele yangu akauliza jirani yake, "Kwani Ezra anatengeneza viti? Si alisema ni vitanda tu?"

Pasta ndiye alichomoa waya ya projekta.

Baada ya ibada nilijifungia ofisini nikiandika barua ya kuacha kazi kichwani. Mlango ukabishwa. Alikuwa Ezra.

"Mwalimu, nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya watu wako."

"Mama Mutheu, mimi sijaota kitu, nisikudanganye. Lakini Pasta alipochomoa waya, nilikuwa nataka kusoma tena."

Akatoka.

Kazi sikuacha. Jumatatu nilimrudishia Mzee Wambua kitu yake moja na nikamwambia ukweli, kwamba si dharau, ni kumpunguzia mzigo. "Afadhali," akasema, "ile ingine ilikuwa inanichanganya." Siku hizi mtu akikuja kuniomba nimfungulie, hata awe askofu, namuuliza kwanza anataka kufanya kazi gani, na nafungua hiyo tu. Sitawahi kumpa mtu mlango kwa sababu ya huruma tena. Na Ezra alinitumia ujumbe juzi, anauliza hicho kiti kwa ndoto kilikuwa na mikono ama hakikuwa nayo.