Muuza kaseti anayemtafutia Luhaga mpinzani

Saa mbili asubuhi gulio la Misungwi ndiyo kwanza linachangamka. Wauza dagaa wanatandaza magunia, wauza mitumba wanakung'uta makoti yaliyotoka nchi za baridi, na kando ya banda la fundi viatu Masele Nathaniel anafunga spika ya honi juu ya nguzo. Anaunganisha nyaya kwenye betri ya gari, anapuliza kipaza sauti, kisha anaanza kutangaza.

"Wazee wangu shikamooni! Akina mama, habari za asubuhi! Mwenye kaseti ya Luhaga na Ngosha aniletee. Nampa nyingine mpya, achague mwenyewe. Sitaki hela!"

Watu wanacheka. Fundi viatu anatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Biashara huria hii imetuletea mambo," anasema. "Sasa muuzaji anapiga mbiu arudishiwe alichouza."

Masele hacheki. Ana umri wa miaka arobaini na tatu, mwembamba, na shati lake limepigwa pasi kama la mtu anayekwenda kanisani. Kila gulio analofika siku hizi, kuanzia hapa hadi Magu, kazi yake ya kwanza ni kuomba arudishiwe kaseti hiyo moja. Kuuza nyingine kunafuata baadaye.

Hadi mwaka 1993 Masele alikuwa mfanyakazi wa kudumu katika kiwanda cha kuchambua pamba. Wafanyakazi walipopunguzwa, naye alipunguzwa. Kiinua mgongo chake alinunulia redio kaseti mbili zenye milango miwili na boksi la kaseti tupu, akafungua kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake ya kupanga Buhongwa. Mkewe, Evelina, alidhani mumewe amerukwa na akili.

"Nilimwambia, wenzako wananunua mashine ya kusaga, wewe unanunua kelele," Evelina anakumbuka. "Lakini kelele hizo ndizo zimewapeleka watoto shule."

Alikuwa ameliona jambo mapema. Soko lilipofunguliwa, redio kaseti zilijaa madukani Mwanza, na mkulima aliyeuza pamba vizuri alinunua redio kabla ya bati la kuezekea. Lakini akishaipata, asikilize nini? Maduka yaliuza muziki wa Kinshasa na wa Dar es Salaam. Manju wa kijijini kwake, yule mwimbaji anayeongoza ngoma, anayemjua kwa jina la baba yake na anayemlilia msibani, hakuwa kwenye kaseti yoyote.

Masele akawafuata mamanju hao. Anapanda baiskeli na redio yake, anamkuta mwimbaji nyumbani, anafukuza kuku, anabonyeza kitufe chekundu. Akirudi Buhongwa anazitoa nakala, anaandika majina kwa kalamu ya wino na kuzisambaza kwenye magulio. Baada ya mavuno mwezi mzuri humpa shilingi elfu arobaini hivi. Masika, watu wanapochangia chumvi ya kuazima, hazifiki hata elfu kumi.

Waimbaji walimwamini. Hapo ndipo simulizi hii inapokuwa nzito.

Kwa msomaji asiye wa huku, inabidi kueleza. Wacheza ngoma wa Usukuma wamegawanyika pande mbili tangu enzi za mababu: Bagika na Bagalu. Mtu huzaliwa katika upande wake au hujiunga nao, na akishaingia ameingia. Baada ya mavuno pande hizo hukutana uwanja mmoja, kila moja na manju wake, kila moja na dawa zake za kuvuta watu. Manju wa huku anaimba akimtukana wa kule. Wa kule anamjibu, tena kwa tusi tamu zaidi. Atakayejaza watu upande wake ndiye mshindi.

Luhaga, mzee wa kijiji kimoja jirani na Bujora, alikuwa manju wa Bagika. Ngosha wa Misungwi alikuwa wa Bagalu. Walitukanana kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mmoja alijulikana kwa sababu ya mwenzake.

Mwaka juzi Masele aliwarekodi wote wawili, kila mmoja kwake, bila kumwambia yeyote kuhusu mwenzake. Halafu akaitia sauti ya Luhaga upande wa kwanza wa kaseti na ya Ngosha upande wa pili.

"Nilijua," anasema, macho yake yakiwa kwenye nyaya za spika. "Mimi ni Mgika wa kuzaliwa, baba yangu alicheza. Mtu wa Bukoba angefanya hivyo ungesema hajui. Mimi nilijua. Nikajiambia hii ni biashara, siyo ngoma. Kaseti tupu zimepanda bei, nikiwatia wote wawili nitawauzia Wagika na Wagalu kwa mkupuo mmoja."

Mwanzoni ziliuzika kama mandazi ya moto. Watu walisikiliza upande wa kwanza gulioni, wakanunua, wakaenda zao. Walipofika nyumbani wakageuza.

Wa kwanza kurudi alikuwa Suzana, mama wa makamo anayeuza vyungu Kisesa na mchezaji wa siku nyingi katika kundi la Luhaga. Aliiweka kaseti juu ya meza ya Masele kwa vidole viwili tu.

"Mwanangu, umefanya nini?" alimuuliza. "Luhaga akiimba, Ngosha amelala chini yake. Ngosha akiimba, Luhaga yuko chini. Umewafunga mgongo kwa mgongo kama mizigo ya punda. Nani amekutuma?"

Masele alimwambia ni mkanda tu. Suzana akamjibu kwamba hata kamba ni kamba tu, mpaka iwe shingoni.

Masika hiyo Ngosha aliugua homa, akafa kabla ya kupalilia. Haukupita muda mrefu sauti ya Luhaga ikaanza kukwaruza. Hospitali walimkuta na uvimbe kooni, wakaukata, na sauti ikaondoka nao. Kwa sasa mzee huyo hunong'ona tu, na anayeelewa minong'ono yake yote ni mkewe, Kashindye.

Mtu anaweza kusema homa ni homa na uvimbe ni uvimbe. Mwandishi huyu naye anasema hivyo. Lakini ukae Kisesa wiki nzima, usikie watu wazima na akili zao wakikuambia kwa upole kwamba mamanju wawili walifungwa kwenye kaseti moja na wote wawili wamenyamaza, utajikuta unakohoa kidogo kabla ya kujibu.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza Masele.



"Siku nyingine siamini," alisema. "Siku nyingine namwona mzee anafungua mdomo, hakuna kitu, halafu naangalia mikono yangu."

Wafuasi wa Luhaga walitaka kumpiga. Luhaga ndiye aliyewazuia. Alimwita Masele na kumpa sharti kupitia kwa mkewe: zikusanye kaseti zote, uniletee, na mpaka hapo sauti yangu usiiuze tena. Kwa Masele sharti hilo lilikuwa na uchungu wa namna yake. Rekodi ile ndiyo pekee iliyopo ya Luhaga akiwa na sauti yake. Mzee akifa bila kutoa ruhusa, sauti hiyo itabaki imefungiwa kabatini Buhongwa, na wajukuu wake hawatamjua.

Ndiyo maana msambazaji huyu amegeuka mkusanyaji. Siku hii Misungwi anapata tatu. Moja inaletwa na mchunga ng'ombe ambaye anataka kubadilishiwa na rumba. Ya pili mkanda wake umetoka nje wote, umekuwa kama utumbo wa kuku. Ya tatu ndiyo inayomvunja moyo. Jina limeandikwa kwa mwandiko usio wake. Kuna mtu ameinakili na kuiuza kwa faida yake mwenyewe.

"Hizi sizimalizi," anasema akiitia mfukoni. "Ninayemkusanyia ana umri wa kunizaa, na simwambii ukweli."

Siku hiyo hiyo anaamua kumwambia. Tunafika kwa Luhaga jua likiwa bado kali. Mzee amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, blanketi mabegani, kitambaa cheupe shingoni. Masele anainama.

"Shikamoo, baba."

Midomo inachezacheza. "Marahaba," anasema Kashindye kwa niaba yake, kisha anatuletea viti.

Masele anaweka kiroba cha kaseti miguuni pa mzee, anaeleza yote. Amezunguka misimu miwili. Alizoziuza yeye karibu zote zimerudi. Lakini watu wengine wamezitoa nakala, na nakala zao zimetolewa nakala, huko Geita machimboni na hata ng'ambo ya ziwa. Hawezi kuzirudisha. Hakuna mtu anayeweza.

Mabega ya Luhaga yanatikisika. Inachukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Anasema basi yeye mwenyewe amekuwa kama magugu, hang'oleki," Kashindye anatafsiri. "Anasema weka redio. Anataka kumsikia Ngosha."

Masele anashangaa. Mzee alikuwa hajawahi kuisikiliza kaseti ile hata mara moja. Anaitoa moja kwenye kiroba, anaigeuza upande wa pili, anabonyeza.

Sauti ya Ngosha inatoka, nzito, ya kujidai. Anaimba kwamba kuna jogoo huko Bujora anayewika mchana kwa sababu alfajiri hupitiwa na usingizi, na kuku wake wamehamia boma la jirani. Luhaga anasikiliza ameinamisha kichwa. Wimbo unapoisha na ngoma kubaki peke yake, pale ambapo uwanjani mpinzani angedakia, kichwa kinainuka. Shingo inakaza, midomo inafunguka, mkono unapanda juu kama alivyouinua miaka yote. Anaimba. Tunaona kwamba anaimba. Hakuna sauti.

Kashindye anageuza uso wake ukutani. Masele analia waziwazi, mtu mzima, bila kujifuta.

Mkanda unapokwisha mzee ananong'ona kwa muda mrefu, na mkewe anasikiliza kwanza hadi mwisho ndipo anaposema.

"Anasema Suzana alikosea. Hakuna aliyelala chini ya mwenzake. Kosa lako ni jingine, Masele. Wao walikuwa wanaongea. Huyu akisema, yule anajibu. Wewe umewakalisha wamepeana migongo, kila mtu anatukana peke yake kama mlevi. Ngosha amekufa kabla hajajibiwa. Hilo ndilo linalomuuma mzee."

Mzee anamshika mkewe mkono, anaongeza.

"Anasema uza. Sauti yake uiuze peke yake. Ya Ngosha wapelekee ndugu zake, waamue wenyewe. Lakini upande wa pili wa kaseti ya mzee usiweke kitu. Uuache mtupu. Atakayeweza kumjibu amjibu humo humo, na wewe umletee asikie."

Kibiashara ni balaa. Mnunuzi anayelipia kaseti nzima hataki nusu yake iwe kimya, na wenye maduka mjini wamekwisha kumwambia hivyo. Masele amezitoa vivyo hivyo. Kwenye karatasi ya kila kaseti ameandika kwa mkono: "Upande wa pili ni wako. Mjibu Luhaga." Mwenye redio yenye kitufe chekundu arekodi nyumbani. Asiye nayo amsubiri Masele gulioni, atamrekodi bure.

Sasa ni miezi kadhaa tangu siku ile ya Misungwi; kaseti hizo zimetoka tangu mavuno, na majibu yamekuja matatu. La kwanza lilitoka kwa kwaya ya kanisa, wakimwombea. La pili ni la mwalimu mmoja wa Magu aliyemsifu kwa mashairi yenye vina safi. La tatu lilimpa Masele matumaini makubwa, kwani lilitoka kwa manju kijana wa Bagalu. Lakini naye, alipofika kwenye jina la Luhaga, sauti ikamlegea, akaimba jinsi nchi itakavyokuwa kavu bila mzee huyo.

Luhaga aliyasikiliza yote, kisha akayasukuma pembeni.

"Alisema hawa wananililia," Masele anasimulia. "Alisema, 'Msiba wangu bado, nendeni mkatafute mtu wa kunitukana.'"

Tatizo ni kwamba hakuna anayethubutu. Wagalu wanamheshimu. Wanaogopa pia kwamba tusi likimkuta mgonjwa na akafa, watu watasema wao ndio waliommaliza. Masele anaijua hofu hiyo kuliko mtu yeyote, kwa hiyo hawalaumu.

Wiki ijayo atakodi pikipiki, aende Geita. Amesikia kwamba machimboni kuna mdogo wake Ngosha, mchimbaji mwenye ulimi mkali ambaye aliacha kuimba siku alipomzika kaka yake. Hajui kama mtu huyo atakubali kumwona, au atamfukuza kwa mawe kwa ajili ya kaseti ile ya kwanza. Evelina amemwambia asiende, kiangazi kinaisha na ada ya shule haijatimia. Atakwenda.

"Ada nitaitafuta," anasema akikunja nyaya za spika yake. "Mzee amebakiwa na masikio tu sasa. Nataka nimpate mtu mmoja, mmoja tu, mwenye moyo wa kumtukana kabla hajafa."