Damu ya Kujaribia Chupa

Wagonjwa wengi hawajui kwamba hesabu ya askari wa miili yao huanzia kwa panya. Mimi najua, kwa sababu ndiyo kazi iliyonilisha miaka hii yote katika maabara ya hospitali moja ndogo karibu na Matiliku. Kuna kichupa kidogo kama cha dawa ya macho, na ndani yake mna kingamwili iliyotengenezwa kwa chembe za panya. Ukiitia kwenye damu, inapuuza kila kitu na kwenda kushika protini moja tu iliyo juu ya ngozi ya seli nyeupe, ile tunayoiita CD4. Inabeba rangi inayong'aa, mashine inaona mng'ao huo na kuhesabu. Seli zikiwa nyingi, umesimama. Zikiwa chini ya mia mbili, uko taabani. Mhubiri mmoja aliponisikia nikieleza haya aliniuliza kama huyo panya ameokoka. Nikamwambia sina hakika, lakini hajawahi kunidanganya.

Sasa, kichupa kipya hakiaminiwi bure. Lazima ukijaribu kwanza kwa damu ya mtu mwenye afya. Ukipata hesabu nzuri, chupa ni nzima, wagonjwa waingie. Wakubwa wanataka utumie damu maalumu ya kuagizwa. Sisi tulikuwa na mkono wangu. Tangu nilipoajiriwa, kila chupa ilijaribiwa kwa damu yangu, na hesabu ilikuwa ya kutisha kwa uzuri. Nilitembea kifua mbele. Mwenzangu wa maabara, mama wa makamo anayeimba kwaya na mwenye ulimi mkali kuliko sindano, alikuwa akiniambia, "Damu safi ni ya Yesu peke yake. Yako ni muthokoi tu."

Iwe muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa ama la, damu yangu ndiyo iliyokuwa kipimo cha hospitali nzima. Kila nilipoulizwa kama nimewahi kupimwa virusi vya Ukimwi nilicheka. Nipimwe nini tena, na kila chupa inanipima?

Siku hizi mashine ile hukaa muda mrefu bila kazi, maana chupa haziji kama zamani. Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka bila chupa, na ile ya mwisho ilikuwa imenipa hesabu ya chini kidogo. Nilisema chupa ni mbovu. Mwenzangu hakubisha. Halafu marafiki zetu wa maabara moja kule Kitui wakatuonea huruma, wakatutumia chupa moja ndani ya kasha la barafu. Dereva aliyeileta alifika jioni, akaiacha kwenye duka moja hapo sokoni Matiliku.

Mwenye duka ni mama ninayemheshimu sana, lakini siku hiyo nusura nimtoe machozi. Chupa ile hukaa kwenye baridi ya kawaida ya friji. Ikiganda, kwisha habari yake. Asubuhi nilimkuta mama huyo akifungua friza, akasukuma kando mfuko wa nyama, akaitoa chupa yangu, bado ndani ya kasha lake, kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi sadaka.

"Mwaitu, mama yangu, umeiweka kwa friza?"

"Sasa ningeiweka wapi? Kwa soda? Hii ni dawa ya hospitali bwana, nikaipea mahali baridi kabisa."

Kwetu, jua lilivyo, baridi ni heshima. Mgeni wa maana hupewa soda iliyotoka chini kabisa. Mama wa watu alikuwa amekiheshimu kichupa changu, nami nikamfokea mbele ya wateja mpaka akaanza kuomba msamaha kwa jambo asilolielewa. Niliondoka nikinung'unika njia nzima.

Mwenzangu alikitikisa kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kasha lilikuwa na sakitu, lakini maji ya ndani yalikuwa yakicheza. "Pengine haijaganda," akasema. "Leta mkono."

Nikaleta mkono. Mashine ikanguruma, ikafikiri, ikatoa mia moja na kitu.

Nilicheka kwa sauti. "Si nilikwambia? Huyo mama ametuulia panya." Nilikuwa tayari kukitupa, na kwa kweli nilikuwa na furaha, maana hakuna raha kama ya kukasirika halafu ukathibitishwa kuwa ulikuwa na haki.

"Ngoja," akasema. "Tujaribu na yangu."

Yake ilitoka nzuri, hesabu ya msichana. Nikasema ni bahati. Tukamwita mlinzi wa getini, mzee mwembamba asiyekula nyama ila Krismasi. Yake ilitoka nzuri kuliko ya mama wa kwaya. Mlinzi akauliza kama kuna chai kwa waliofaulu. Akarudi zake getini bila chai.

Nikachomwa tena, mkono wa pili, nikaichanganya damu mwenyewe. Mia moja na kitu ile ile.

Chupa ilikuwa nzima. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kikohozi changu cha muda mrefu, ambacho nilikuwa nimekiita vumbi, kilinijia hapo hapo. Mwenzangu alifunga mlango, akavaa glavu mpya, akatoa vifaa vya kupima virusi. Alinitoboa kidole bila kuimba. Kipimo cha kwanza kikaonyesha mistari miwili. Cha pili vivyo hivyo. Cha tatu sikukiangalia, nilimwangalia yeye.

"Utameza dawa kama watu wengine," akasema. "Na kesho makohozi tunapima, isije ikawa TB. Sasa pigia bibi yako, akuje apimwe."

Hilo ndilo lililoniogofya kuliko yote. Tuna watoto wawili, mdogo hajaanza shule. Nilisimama nyuma ya maabara, karibu na shimo la kuchomea taka, nikapiga.

"Mama watoto, nimepimwa."

"Umepimwa nini?"

"Ile. Niko nayo. Inafaa ukuje na watoto."

Nikasikia akifunga mlango.

"Watoto wako sawa," akasema. "Walipimwa. Mimi nakunywa dawa tangu nikiwa na mimba ya huyu mdogo. Huwa nachukua kwa hospitali ya kule Kabati nikienda kwa mama, ndio damu yangu isipitie kwa mashine yako. Nilikuambia twende kliniki pamoja, ukaniambia damu yako ndio inapimia hospitali."

"Na hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Kila jioni unatuletea stori za wagonjwa, tunacheka. Sikutaka kuwa stori."

Nilitafuta utani wowote wa kumjibu, kwa mazoea tu. Nilipata kikohozi tu.

"Baba watoto, uko?"

"Niko."

"Huwa nameza dawa saa tatu usiku, ukitoka kuangalia mbuzi. Leo usitoke."