Nimebomoa mji mzima, Tanga siendi

Leo nimebomoa mji mzima kwa mkono huuhuu mnaosema unatetemeka.

Binti yangu Neema na mumewe wamekuja huku milimani Vuga kunichukua nikaishi kwao Tanga. Eti baridi ya huku itanimaliza. Nikakataa.

Mkwe akatoa mchezo kwenye boksi. Mji wa ghorofa za mbao, na mazimwi mawili ya kuubomoa, lake na langu. Unarusha dadu kuzipiga ghorofa, anayeangusha nyingi ndiye mshindi.

"Baba, ukishindwa, kesho tunashuka wote."

Nikasema haya.

Akarusha kwa adabu kama anatoa sadaka kanisani. Ghorofa mbili.

Jamani, mimi nimefukuza ngedere kwenye mahindi kwa mawe tangu sijaota ndevu! Nikasimama, nikavuta mkono nyuma.

Neema akapiga kelele, "Baba, taratibu, vikombe!"

Taratibu ya nini?

Mji wote chini! Zimwi la mkwe likatumbukia kwenye chai yake.

Akalitazama weee. Halafu akainama, "Shikamoo, baba."

Na asubuhi tulishasalimiana!

Marahaba. Kesho watashuka wawili, mimi napalilia maharage.

Kuna mwingine anataka kunihamisha? Aje na mji wake.