Mguu Mzito wa Shemeji

Gereji nzima ilimwita Sikio, naye jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mteja alipoleta gari lenye kelele, wenzake walikimbilia spana, yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akasema, "Gia ya tatu, meno yameliwa." Wakifungua, ni gia ya tatu kweli. Mtu akisifiwa hivyo miaka nenda miaka rudi, kichwa huvimba hata kofia isimkae.

Ndipo mdogo wake, mpima ardhi, alipomletea gari la mkewe. Shemeji huyo alikuwa mkunga katika hospitali ya mji, na gari lake dogo lilikuwa la klachi mbili. Lilikuwa linatetemeka kila likianza kuondoka. Sikio alishusha giaboksi, akakuta klachi zimelika zimebaki kama kaki. Akafunga mpya, kila nati mahali pake. Kazi ya spana hakuna ambaye angeitia dosari.

Muuza vipuri alikuwa amemwonya. "Ukimaliza kufunga, lipeleke kwa yule dada wa kompyuta, giaboksi ifundishwe upya. Bila hivyo itasumbua."

"Ifundishwe nini?" Sikio alicheka. "Nayo inaanza darasa la kwanza?"

Dada wa kompyuta alikuwa na karakana mtaa wa nyuma, na Sikio hakuwahi kumtaja ila kwa jina la "fundi wa kubonyeza". Hakwenda. Alilijaribu gari barabarani, likaruka kidogo wakati wa kuondoka, kisha likatulia. "Litazoea," akajiambia, akakabidhi funguo.

Halikuzoea. Shemeji alirudi gereji akiwa bado na sare za kazi. "Shemeji, asubuhi likiwa baridi linasita kwenye makutano. Nakanyaga mafuta, halitaki. Halafu ghafla linaruka kama limechomwa sindano."

Sikio aliingia, akaliendesha kuzunguka mtaa. Wakati huo gari lilikuwa limepata moto, likaenda limetulia kama maji mtungini. Akashuka akijifuta mikono. "Gari zima kabisa. Shida ni mguu wako, shemeji. Mzito."

Kama angeishia hapo, huenda ingekuwa nafuu. Lakini siku ya mapumziko walikula pamoja nyumbani kwa mama yao, na Sikio, akiwa ameshiba na amechangamka, akainuka kuigiza. Alikaa kwenye kiti kama dereva, akashika sahani kama usukani, akakanyaga sakafu puu, akajirusha mbele hadi paji la uso likagonga meza. "Mkunga huyo anawahi mtoto!" Watu wakacheka mpaka machozi. Mpima ardhi naye akacheka. Mkewe alikusanya vyombo, akavipeleka jikoni, hakurudi mezani.

Haukupita muda, gari likamrukia shemeji kwenye maegesho ya hospitali. Likapanda ukingo, likavunja benchi wanapokaa wagonjwa. Kwa bahati benchi lilikuwa tupu, lakini wauguzi wenzake walikuwa wamejaa madirishani. Jioni hiyo mumewe akachukua funguo. "Kaka amesema tangu zamani. Utaendesha ukifundishwa upya."

Na aliyejitolea kumfundisha ni nani? Sikio mwenyewe. Alimpeleka kwenye uwanja mtupu, mwanamke aliyekuwa ameendesha gari tangu kabla hajaolewa, akamkalia pembeni kama askari wa usalama barabarani. "Polepole! Nimesema polepole! Mguu uwe kama unakanyaga yai." Shemeji aliitikia, "Sawa, shemeji." Akakanyaga yai. Gari likaruka vilevile. Akagombezwa tena.

Asubuhi moja mpima ardhi alimwomba kaka yake ampeleke mama kliniki kwa gari hilo hilo. Palikuwa na baridi. Kwenye kilima, katikati ya foleni, gari la mbele likasogea. Sikio akakanyaga mafuta taratibu. Gari likasita. Akaongeza kidogo. Likaruka, likajibamiza kwenye tela la lori la matofali.

Hakuna aliyeumia. Mama alirekebisha mtandio wake, akatazama taa iliyovunjika, kisha akamtazama mwanawe.

"Na wewe mwanangu," akauliza, "mguu wako mzito?"

Sikio alitamani barabara ipasuke immeze. Si kwa sababu ya lori, wala dereva wake aliyekuwa anafoka dirishani. Alikuwa amesikia, kwa masikio yake yaleyale yenye sifa, klachi ikiuma mapema mno. Alijua amefanya nini, na nani aliyebebeshwa lawama.

Baada ya kumrudisha mama, alilipeleka gari mtaa wa nyuma. Alikuwa amejiandaa kuchekwa. Angalau kicheko angekijibu. Dada wa kompyuta hakucheka. Alivuta kigoda, akachomeka waya chini ya usukani, akauliza, "Klachi mpya ulifunga wewe?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri. Ila hazijatambulishwa." Akamweleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Klachi moja inashika gia za kwanza, tatu na tano. Nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Wakati moja inavuta gari, kompyuta imeshaandaa gia inayofuata kwenye nyingine; moja ikiachia, ya pili inapokea, na abiria hasikii kitu. Ila ili ifanye hivyo, lazima ijue kila klachi inaanza kuuma wapi. "Hii bado inakumbuka zile zilizolika. Inasukuma mbali kama ilivyozoea, mpya inauma mapema, kompyuta inashtuka, inaachia, inarudia kwa nguvu. Hapo ndipo linaruka. Dereva hana la kufanya."

*Dereva hana la kufanya.* Sikio aliinamia viatu vyake.

Akaambiwa akae ndani, akanyage breki, injini ikiunguruma. Akasikia giaboksi ikikohoa taratibu, kompyuta ikisogeza klachi na kuzirudisha, ikipapasa mahali pa kuuma. Kisha wakaenda barabarani. Gari liliondoka laini. Kazi nzima ilikuwa fupi kuliko somo moja la kule uwanjani.

Mpima ardhi alipolijaribu alifurahi. "Kumbe tatizo dogo tu! Na mke wangu sasa ameshafundishwa, mambo yatakuwa mazuri." Mlango wa kutokea huo, umeachwa wazi. Sikio alifungua mdomo, akaishia kusema, "Eeh."

Kesho yake akaenda hospitali kumngoja shemeji amalize zamu. Akamwambia yote, hata la muuza vipuri.

Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilijua ni gari," akasema. "Mwanzoni. Baadaye nikaanza kuamini ni mimi. Unajua nilikuwa nafanya nini? Kabla ya kumpokea mtoto, naitazama mikono yangu kwanza. Najiuliza, kama mguu haunitii, mikono je?"

Sikio aliificha mikono yake yenye grisi nyuma ya mgongo.

"Wanasema mficha uchi hazai. Wewe wako uliuficha nyuma ya wangu, shemeji." Akachukua mkoba wake. "Usiniombe radhi hapa koridoni. Uliwachekesha watu mezani, kawaambie mezani."

Aliwaambia. Safari hii hakuna aliyecheka. Mpima ardhi alitoa funguo mfukoni, akazisukuma mbele ya mkewe bila kumtazama usoni. Mkewe hakuzigusa. Alimaliza chakula chake, akanywa maji, akamsaidia mama kunawa. Mumewe alikaa ametoa macho kwenye funguo kama mtu aliyeweka rehani kitu kisichokombolewa. Siku ile walirudi nyumbani kwa miguu wote wawili.

Shemeji alizichukua baadaye, kwa wakati wake, bila kumwambia mtu. Gari likihitaji huduma sasa hulipeleka kwa dada wa kompyuta. Njia inapita mbele ya gereji ya Sikio. Hupiga honi mara moja, ya heshima, kama inavyompasa mtu na shemeji yake, na Sikio huinua mkono wenye grisi. Hapunguzi mwendo.